Sijambo ya Mgonjwa

Katika lugha ya Kiswahili habari mbaya haina mlango wake; huingia kwa kupitia mlango wa habari njema. Mtu aliyefiwa jana, akiulizwa habari za leo, hujibu kwamba ni nzuri, kisha baada ya kituo kidogo huongeza neno "ila", na nyuma ya neno hilo msiba wote hufuata. Mtu aliyelala kitandani siku tisa, midomo imemkauka na macho yamemwingia ndani, akiulizwa kama hajambo hujibu kuwa hajambo, au akijitahidi sana kusema kweli husema hajambo kidogo. Huo si uongo. Ni adabu, na adabu hiyo watu wamefundishwa kwa muda mrefu kuliko umri wa chuo chochote cha uganga. Mgeni hulakiwa kwa wema kwanza. Maumivu hungoja zamu yake. Walakini mwuguzi, ambaye kazi yake ni kuijua hali ya mgonjwa, hukutana hapa na taabu ambayo vitabu vyake havikuitaja, kwa kuwa swali lake la kwanza lina jibu lililokwisha kutungwa kabla yeye hajafumbua kinywa.

Taabu hiyo ilizungumzwa jioni moja katika nyumba moja ya Kamunyonge. Kamunyonge ni kata ya Manispaa ya Musoma, mji uliojengwa juu ya rasi iliyoingia katika Ziwa Viktoria, wenye majabali makubwa yaliyobebana kana kwamba yalipangwa kwa mikono. Upepo wa ziwani ukivuma huleta harufu ya dagaa walioanikwa. Katika nyumba hiyo aliishi mwuguzi mzee aliyekwisha staafu baada ya miaka zaidi ya thelathini ya wodi za mchana na za usiku, na jioni hiyo alikuwa na mjukuu wake wa kike, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo cha uuguzi, aliyekuja likizo na karatasi ya kukariri. Karatasi ilikuwa fomu ya kumpima mgonjwa hali yake. Ilikuwa na kurasa nne, na maneno yake yote yalikuwa ya Kiingereza.

Bibi alikaa katika kiti cha mbao ukumbini, miguu juu ya kigoda, mgongo juu ya mito mitatu. Zamani alikuwa mtu wa kukaa wima. Mjukuu aliiona mito ile siku aliyofika, akadhani ni mambo ya uzee.

"Kwanza kabisa, Bibi," mjukuu akasema, kidole juu ya karatasi, "ni malalamiko makuu ya mgonjwa. Tumeambiwa yaandikwe kwa maneno yake mwenyewe."

"Vema. Kwa maneno yake mwenyewe, kwa lugha gani?"

Mjukuu akanyamaza. Swali halikuwa la mzaha. Mgonjwa wa Musoma huzungumza Kiswahili, na akiwa mtu mzima aliyetoka vijijini huenda maumivu yake yakasemeka vizuri zaidi kwa Kijita, Kikwaya, Kikurya au Kiluo. Mwuguzi husikiliza kwa lugha moja na kuandika kwa nyingine, na katika kivuko hicho mengi hutumbukia majini. Kinyume chake hapo jirani, katika kata ya Makoko, mapadre na watawa wa Maryknoll kutoka Marekani waliweka chuo ambacho wageni walikuja kusomeshwa Kiswahili ili waweze kuzungumza na watu. Mgeni alivuka bahari kuja kujifunza neno la mwenyeji, na mtoto wa mwenyeji hujifunza katika chuo chake kuliacha neno hilo mlangoni mwa wodi.

Nalo ni neno lenye mali nyingi. Mswahili haoni maumivu tu, huyasikia. Husema anasikia njaa, anasikia baridi ndani ya mifupa, anasikia kitu kinamtambaa mgongoni. Kichwa chaweza kuuma, kugonga, kuzunguka, au kuwa kizito, na hakuna hata moja katika hayo lililo sawa na lingine. Tumbo hukata, husokota, huunguza, hujaa. Kifua hubana, huchoma, au huwa na kichomi. Na kichomi, ule uchungu mkali wa ubavuni unaomkata mtu akivuta pumzi, ni neno moja lenye maelezo ambayo daktari angeyaandika kwa mstari mzima. Moyo huenda mbio, hushtuka, hupotea kidogo kisha hurudi. Mwuguzi anayeyageuza yote hayo kuwa "maumivu" tu amefanya kama mtu aliyepewa kapu la samaki wa aina saba akaandika katika daftari: samaki.

Bibi alikuwa na maoni yake juu ya jina la kazi hii. Mtu anayeugua ni mgonjwa, na anayeuguza ni yule anayekaa naye katika kuugua kwake. Mganga hutarajiwa kuponya. Mwuguzi, kwa asili ya neno, hutarajiwa kuwapo. Yule aliyepo usiku kucha ndiye anayeona kwamba mgonjwa amegeukia ukuta, kwamba hakugusa uji, kwamba mkono uliokuwa ukifukuza nzi haufukuzi tena. Daktari hupita asubuhi kwa dakika chache, na mengi anayoyajua kuhusu usiku ule ni yale ambayo mwuguzi ameyaona na kuyaandika. Yasipoandikwa hayakuwapo.

Florence Nightingale, bibi wa Kiingereza aliyeuguza askari huko Scutari katika vita vya Krimea, alilifahamu jambo hili mapema. Katika kitabu chake juu ya uuguzi cha mwaka 1859 alitoa sura nzima kwa habari ya kutazama, akawakemea wale wanaomwuliza mgonjwa kama amelala vizuri. Alitaka waulize amelala saa ngapi, na zilikuwa saa zipi za usiku. Swali la kwanza hujibiwa kwa adabu na la pili hujibiwa kwa kumbukumbu. Hapana shaka bibi yule hakujua neno moja la Kiswahili, lakini dawa aliyoitoa yaifaa Musoma kuliko alivyoweza kufikiri. Mzee wa Kikwaya akiulizwa "Hujambo?" atasema hajambo. Akiulizwa jana alikula nini, amekwenda msalani mara ngapi tangu jua kuchwa, na je, kutoka kitandani hadi mlangoni alipumzika njiani, atajibu kwa kweli yote, kwa sababu adabu haijamtungia jibu la swali hilo.

"Tena," bibi alisema, "usidharau maamkio. Mwamkie mgonjwa mzee kama unavyoniamkia mimi. Mwambie shikamoo, kisha usiangalie karatasi. Sikiliza marahaba yake."

Mtu mwenye pumzi ya kutosha huisema marahaba kwa mkupuo mmoja. Aliyepungukiwa huikata vipande viwili, na katikati mabega huinuka. Mwenye homa kali huichelewesha. Aliyechanganyikiwa akili huitika kitu kingine kabisa, au humwamkia mwuguzi shikamoo, mzee wa miaka sabini kwa msichana wa miaka ishirini, na hilo peke yake latosha kumfanya msichana amwite daktari. Aliyepooza upande mmoja huisema kwa mdomo uliopinda. Katika sauti tatu au nne mwuguzi amekwisha pima pumzi, akili, uso na nguvu, na mgonjwa hajui kama amepimwa; amejua tu kuwa ameheshimiwa.

Haya yote hayaondoi hesabu. Kuna watu wanaosifu jicho la mzoefu hadi wakadharau vipimo, na hao ni hatari kama wale wanaosoma mashine bila kumtazama mtu. Hesabu ya mwili ilipatikana kwa kazi ya watu wengi. John Floyer, tabibu wa Uingereza, alitengenezesha mwaka 1707 saa ya kukimbia dakika moja ili mapigo ya mshipa yahesabiwe badala ya kukisiwa. Carl Wunderlich wa Leipzig alipima joto la wagonjwa wapatao 25,000, na mwaka 1868 akatoa kitabu kilichoifanya nyuzi 37 kuwa kipimo cha mwili wenye afya. Riva-Rocci wa Italia alibuni mwaka 1896 mfuko wa kubana mkono kwa upepo, na Korotkov wa Urusi akaonyesha mwaka 1905 kuwa mtu akiweka kifaa cha kusikilizia juu ya mshipa husikia damu ikianza kugonga na kisha ikinyamaza. Hiyo ndiyo presha ambayo leo kila mtu wa Nyasho na Mwigobero anaijua kwa jina. Joto, mapigo, presha: kila kimoja kina chombo chake, na chombo humlazimisha mwuguzi kusimama karibu na mgonjwa japo kwa dakika moja.

Pumzi haikupata chombo rahisi cha namna hiyo. Kuihesabu hakutaki ila saa na macho. Kifua kikipanda na kushuka ni moja, na hesabu hiyo hufanywa kwa dakika nzima. Mtu mzima asiye na ugonjwa, akiwa ametulia, huvuta pumzi kati ya 12 na 20 kwa dakika. Tena ina ugumu wake, kwa kuwa ndicho kipimo ambacho mgonjwa aweza kukibadili mwenyewe pindi ajuapo kuwa anapimwa. Mwambie mtu "Nakuhesabia pumzi," naye ataanza kupumua kama askari kwenye gwaride. Kwa hiyo wauguzi wazuri hutumia hila isiyo na ubaya: humshika mgonjwa kifundo cha mkono, humhesabia mapigo, kisha huendelea kumshika vilevile, kana kwamba mapigo hayajakwisha, na macho huhamia kifuani.

Bibi alipofika hapo alinyamaza muda mrefu. Mjukuu akadhani amechoka. Kumbe alikuwa akitafuta mahali pa kuanzia.

Alisimulia kuwa katika miaka yake ya kwanza ya kazi, katika hospitali ambayo hakuitaja jina, wodi yao ilikuwa na wagonjwa wapatao arobaini na usiku wauguzi wawili. Kila kitanda kilikuwa na chati yake, na kila chati ilikuwa na safu ya pumzi. Wauguzi waliomtangulia walikuwa wameijaza safu hiyo kwa tarakimu moja: 20. Asubuhi 20, mchana 20, usiku 20, kwa mgonjwa wa mguu uliovunjika na kwa mgonjwa wa mapafu. Naye alifanya walivyofanya. Tarakimu hiyo ilikuwa na faida nyingi: ilikuwa ndani ya mpaka, haikumwamsha daktari, na haikuhitaji saa. Kuandika 20 kulichukua nusu ya nukta. Kuhesabu kungechukua dakika arobaini kwa wodi nzima.

Katika kitanda cha karibu na dirisha alikuwapo mama aliyejifungua siku tatu zilizopita. Joto lake lilikuwa 37.9, na mapigo yake 118. Pumzi zake ziliandikwa 20 saa nne usiku, zikaandikwa 20 saa nane, zikaandikwa 20 saa kumi na mbili asubuhi, zote kwa mwandiko wa bibi. Alipoulizwa kama hajambo alijibu, "Sijambo, dada." Bibi alikumbuka kwamba maneno hayo mawili yalitoka na kituo katikati, na kwamba mama yule alikuwa ameketi, hakutaka kulala chali. Alikumbuka baadaye. Wakati ule alikuwa na vitanda vingine mbele yake. Ilikuwa homa ya uzazi, nayo ilikuwa imekwisha ingia katika damu. Kabla ya adhuhuri mama alifariki, na mtoto akachukuliwa na nyanya yake katika kanga.

"Hakuna aliyenilaumu," bibi akasema. "Daktari aliitazama chati, akasema usiku hali ilikuwa nzuri, imebadilika ghafula. Haikubadilika ghafula. Ilibadilika usiku kucha, nami nilikuwa nikiandika ishirini."

Yafaa kusemwa kwamba kosa hilo si la wodi moja wala la nchi moja. Wachunguzi wa nchi nyingi wameikuta safu ya pumzi ama tupu ama imejaa tarakimu za kukisia, na wameikuta hivyo katika hospitali zenye mashine za thamani kubwa. Wala uchache wa wauguzi si udhuru wa kubuni. Mtu mmoja kwa wagonjwa ishirini hawezi kuwa na macho ishirini. Lakini kuna tofauti kati ya safu iliyoachwa wazi na safu iliyojazwa uongo. Iliyo wazi husema: hapa hapakutazamwa. Iliyojazwa humfunga macho hata yule ambaye angetazama.

Kwa watoto hesabu hiyo ni nzito zaidi, na katika Mkoa wa Mara ina adui mwenye sura ya rafiki, nalo ni neno "homa". Kwa kamusi homa ni joto la mwili lililozidi. Kwa watu homa ni ugonjwa wowote unaolaza, na zaidi ya yote ni malaria, ambayo kandokando ya ziwa hili imezoeleka kiasi cha kuitwa kwa jina la nyumbani. Mama akisema mtoto ana homa, mwuguzi mwenye haraka husikia malaria, na ugonjwa ukiisha kupewa jina macho hufumba. Mtoto mwenye nimonia naye huchemka. Mtu hawezi kuzitenganisha kwa kiganja juu ya paji la uso. Ndiyo sababu tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lataka kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe damu kabla ya kutibiwa, na ndiyo sababu mwongozo wa kutibu watoto uliotolewa na shirika hilo pamoja na UNICEF katika miaka ya 1990 ulirudisha heshima ya saa ya mkononi. Mtoto wa chini ya miezi miwili akifikisha pumzi 60 kwa dakika, wa miezi miwili hadi mwaka akifikisha 50, na wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha 40, mwuguzi hana ruhusa ya kumrudisha nyumbani kwa dawa ya malaria peke yake. Tena ahesabiwe akiwa ametulia, ananyonya au amelala, kwa maana mtoto anayelia hupumua kwa hasira. Na mbavu za chini zikibonyea ndani kila avutapo pumzi, jambo hilo lataka haraka.

Mwongozo huohuo humtaka mwuguzi aulize kama mtoto amepata degedege. Swali ni la maneno machache, na jibu lake halipatikani kwa urahisi. Katika sehemu nyingi za Tanzania degedege imehesabiwa kuwa kazi ya pepo au ya ndege wa usiku, na wako wazee wanaoamini kuwa mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Mama aliyeambiwa hivyo na mama mkwe wake, akaja hospitali baada ya kupita kwanza kwa mganga wa kienyeji, hatalitamka neno hilo mbele ya mtu aliyeshika sindano. Atasema mtoto ana homa. Bibi hakuwa akiliuliza neno lenyewe. Alimwomba mama amwonyeshe kwa mikono yake jinsi mtoto alivyofanya usiku, na mikono ya mama, ambayo haikufundishwa kuficha, ilikakamaa na kutetema.

Mahali nako hufundisha maswali ambayo fomu haina. Fomu huuliza kazi ya mgonjwa ili ipate kujaza nafasi. Mwuguzi wa Musoma huiuliza ili ajue kama miguu yake inakaa majini. Mvuvi, mwosha dagaa, mtoto anayeogelea baada ya shule, mwanamke afuaye nguo juu ya mawe, hao wote wanaweza kupata kichocho, na kichocho cha pwani ya ziwa hili aghalabu si kile cha kukojoa damu kinachojulikana na wengi, bali ni kile cha matumbo kinachokomaza ini polepole, kikavimbisha tumbo, na mwishowe kikamfanya mtu atapike damu. Asiyeuliza habari ya maji ataandika "vidonda vya tumbo". Hali kadhalika kanda ya Ziwa ni miongoni mwa sehemu za Tanzania zenye selimundu kwa wingi, na mtoto mchanga mwenye ugonjwa huo mara nyingi huutangaza kwa kuvimba viganja na nyayo, kabla hajaweza kusema lolote. Nyanya yake husema ni baridi.

Na kutazama tu, kutazama kwa mtu ambaye hakuambiwa atazame, kumekwisha kuleta elimu kubwa kando ya ziwa hilihili. Mwaka 1957 mpasuaji wa hospitali ya Mulago huko Kampala, Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland ya Kaskazini, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Hakuelewa. Majuma machache baadaye, akiwa Jinja, alichungulia dirishani akaona uani mtoto mwingine mwenye uso wa namna ileile. Mtu mwingine angekwenda kunywa chai yake. Yeye alitoka nje, akampima mtoto mwili mzima, akakuta uvimbe tumboni pia. Akarudi kufungua majalada ya zamani, na mwaka 1961 akasafiri kwa gari kilometa zipatazo 16,000 akiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama wameuona uso huo. Saratani hiyo ya watoto leo huitwa kwa jina lake. Ilikuwapo nyusoni mwa watoto muda wote, mbele ya macho ya watu wengi.

Mjukuu alikuwa na jambo la kujibu hapo. Chuoni wana kifaa kidogo cha kubana kidole, kinachoonyesha tarakimu za oksijeni katika damu kwa taa nyekundu. Kilijulikana na wengi tangu mwaka 2020, wakati wa Uviko. Je, hicho hakitoshi?

Ni kifaa chema, na aliyekibuni, Takuo Aoyagi wa Japani, katika mwaka 1974, anastahili shukrani. Lakini mwaka huohuo wa 2020 madaktari wa Michigan, Marekani, walitangaza kuwa upungufu mkubwa wa oksijeni ulikipita kifaa hicho bila kuonekana kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 zaidi ya weupe, kwa kuwa rangi ya ngozi huingilia mwanga unaopita kidoleni. Hata vitabu vya uuguzi viliwahi kuandikwa kana kwamba wagonjwa wote ni weupe: vilimwambia mwanafunzi atafute mashavu yaliyopauka na midomo ya buluu. Bibi alifundishwa hayo, akamaliza mwaka wa kwanza wodini bila kumwona mgonjwa mmoja aliyepauka, mpaka sista mmoja mkongwe alipomshika mkono akampeleka dirishani. Alimwonyesha kiganja cha mtoto, kikiwa kimefunguliwa karibu na kiganja chake mwenyewe. Alimwonyesha upande wa ndani wa kope ya chini, ulimi, na ufizi. Akamwambia asipime rangi kwa taa ya umeme ikiwa jua lipo, kwa sababu umanjano wa macho hupotea chini ya balbu.

Giza lilikuwa limeanza kuingia. Mjukuu akawasha taa, akarudi na saa yake ya mkononi.

"Bibi, niruhusu nihesabu mapigo yako. Ninajizoeza."

Bibi akampa mkono. Mjukuu akaweka vidole vitatu chini ya kidole gumba, akatazama saa. Mshipa ulikuwa ukienda kwa haraka, tena bila mpango, ukiruka mahali na kujirudi. Dakika ikaisha. Hakuuachia mkono. Macho yake yakahama taratibu kutoka kwenye saa hadi kwenye kanga iliyofunika kifua cha bibi, ikipanda na kushuka mbele ya mito mitatu.

Bibi alitazama nje, upande wa ziwa. Yamkini alijua, alikuwa amewafanyia wengine hila hiyo kwa miaka thelathini. Hakubadili pumzi yake.

"Ngapi?" akauliza.

"Ishirini na nane."

"Umekosea. Hesabu tena, dakika nzima."

"Nimehesabu dakika nzima, Bibi."

Bibi hakujibu. Akaivuta kanga, akaishusha hadi chini, akafunika miguu iliyokuwa juu ya kigoda. Mjukuu akaweka karatasi kando, akapiga goti, akaifunua kanga, akabonyeza kidole gumba juu ya mfupa wa mguu, akaanza kuhesabu.